Mgeni, Mwenye Udhuru au Bwana Sekondi: yupi wa kumshika kwenye resi ya farasi wachanga?

Jumamosi ilopita usiku nusura maskani ivunjike, na wala si mpira wala si siasa, ni farasi. Tulikuwa tunaangalia resi za Meydan kule Dubai, simu ya kijana mmoja wa mtaani imeegemezwa kwenye dele la kahawa, bando linakata linarudi, na kila picha ikiganda watu kumi wanampigia kelele muuza kahawa kama vile yeye ndo mwenye mtambo. Resi yenyewe ilikuwa ya farasi wachanga, miaka mitatu, hata mmoja wao alikuwa hajapata kushinda maishani mwake. Wengine wamekimbia mara moja, mmoja mara sita, wawili hawajakimbia kabisa. Kila mtu ana wake na kila mtu ana hoja, mwisho Ami akanigeukia mie, mana mie nilifanya usaisi, kazi ya kuwatunza farasi, huko Dubai miaka sita kabla sijarudi nyumbani. Akanambia, "Wee ulokuwa ukiwasugua migongo, hebu tuambie, mtu anachaguaje hapo? Au na wewe unabahatisha kama sisi?"

Nikajibu haraka haraka mbele za watu, na farasi nilomtaja akaja wa nane katika kumi na moja. Wiki nzima hii nakaa kidaraja cha chini karibu na mtaro, mana ndo sheria ya maskani, kila mtu anaandika namba yake ubaoni kwa chaki kabla ya resi na ukichemsha vibaya unashuka. Pesa hamna. Ami hataki kusikia hata habari ya "atakayekosea anunue kahawa", anasema kamari ni kamari hata ikiwa ya kashata, na hata huko Meydan kwenyewe wakati niko kule uwanjani hapakuwa na kubeti, watu walikuwa wanajaza karatasi ya bure kubashiri washindi, ukipatia unapewa zawadi. Kwa hiyo kama umekuja kutafuta njia ya utajiri umekosea mlango, hapa tunatafuta kupanda kidaraja cha juu tu.

Sasa ulinganisho wenyewe. Farasi mtu mzima, wa miaka mitano sita, ana historia, unajua anapenda nyasi au udongo, mita 1200 au 2000, anakimbilia mbele au anavizia nyuma. Mchanga hana hayo. Thorobredi, yaani farasi wa damu ya mbio, wengi wanaanza kukimbia na miaka miwili au mitatu, na mwanzo wanapangwa pamoja wale ambao hawajashinda, kwa hiyo unapewa karatasi ina majina kumi na habari za kujaza kiganja. Nilichokuja kuona ni kwamba ukiweka pembeni majina na rangi za jezi, humo ndani mna aina tatu tu za farasi na kazi yako ni kuwapanga ubavu kwa ubavu. Mie nawaita Mgeni, Mwenye Udhuru na Bwana Sekondi. Mgeni hajapata kukimbia hata siku moja. Mwenye Udhuru kakimbia mara moja au mbili akaharibikiwa, lakini kuna sababu. Bwana Sekondi kakimbia mara tano sita, kila siku yupo pale pale, wa pili, wa tatu, wa pili tena.

Nianze na Mgeni, mana ndo anayewatia watu wazimu.

Mgeni hana matokeo, ana ukoo. Na watu wa pwani kwa ukoo hutuwezi, tukishaambiwa baba nani mama nani tushamaliza kazi. Thorobredi wote duniani ukifuata upande wa baba unaishia kwa madume watatu tu walopelekwa Uingereza kutoka mashariki baina ya mwisho wa miaka ya 1600 na mwanzo wa 1700: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Nilipolisema hili maskani watu walivimba kama wao ndo walowapandisha jahazini.

Ukoo unasema kweli, ila hausemi yote. Mara nyingi unakwambia umbali, huyu wa mbio fupi huyu wa mbio ndefu, kuliko unavyokwambia kama ana kasi au hana. Mtazame Forever Young, yule wa Japani aloshinda UAE Derby mwaka 2024 pale Meydan. Baba yake, Real Steel, alishinda Dubai Turf mwaka 2016 uwanja huo huo. Basi mtu anasema unaona, damu! Lakini baba alishinda kwenye nyasi na mtoto kashinda kwenye udongo, na hivo ni vitu viwili mbali mbali kama kucheza mpira majani na kucheza mpira mchangani, kwa hiyo hata hapo ukoo ulisema nusu ya maneno ukanyamaza.

Bei ndo muongo kabisa. Februari 2006 kule Florida aliuzwa farasi wa miaka miwili, The Green Monkey, kwa dola milioni 16, mana siku ya kuoneshwa wanunuzi alikata furlongi moja, yaani kama mita 200, kwa sekunde 9.8. Milioni kumi na sita, yakhe! Akakimbia resi tatu maisha yake yote asishinde hata moja. Mwaka 1975 Seattle Slew alinunuliwa dola 17,500, na 1977 akachukua zile resi tatu kubwa za Marekani, Kentucky Derby, Preakness na Belmont, bila kupoteza hata mara moja. Mtoto wa farasi ni kama ngalawa mpya ya mwembe, utasifia gogo, utamsifia fundi, utapiga piga ubavuni kwa vidole ukitikisa kichwa, inavyokula upepo hujui mpaka iguse maji.

Kwa hiyo kwa Mgeni mie siangalii baba kwanza, naangalia treina, yaani mwalimu wa farasi. Kuna treina anamleta mtoto uwanjani kashaiva, geti la kuanzia resi analijua, asubuhi kakimbizwa sambamba na wakubwa, akiguswa anajua maana yake ni kukaza. Na kuna treina ambaye resi ya kwanza kwake ni siku ya kwanza ya skuli, mtoto aende akaone, arudi salama, na joki, yaani mpanda farasi, kaambiwa asimtese. Wote wawili kwenye karatasi wanaandikwa sawa sawa, hajakimbia. Tofauti yao unaipata kwa kurudi nyuma kwenye matokeo ya msimu ulopita ukawahesabu wageni wa treina huyo. Kama katika ishirini wanne watano walishinda siku ya kwanza, huyo hatanii. Kama hata mmoja hakushinda ila wengi walishinda mara ya pili, basi umeshajua, na farasi wake leo msubiri, mwandike jina ukutani uje naye mwezi ujao.

Na usinambie wageni hawashindi, wanashinda. Frankel alikuwa mgeni Newmarket, Uingereza, Agosti 2010, akashinda, na katika resi 14 za maisha yake hakupoteza hata moja. Justify akiwa na miaka miwili hakukimbia kabisa, kaanza Februari 2018, Mei kashachukua Kentucky Derby, na tangu mwaka 1882 hapakuwa na farasi aloipata hiyo bila kukimbia akiwa na miaka miwili, halafu Juni kamaliza zote tatu. Lakini hao unawajua leo kwa sababu ni hao. Wageni walokuja wa kumi na moja nani anawakumbuka?

Mie namkumbuka mmoja. Zizi nilokuwa nikifanya kazi palikuwa na jike la miaka miwili, la rangi ya kunde iliyokaangwa, damu safi, nyumbani asubuhi simba. Nikilitoa kwenda mazoezini linavuta kamba mpaka bega linaniuma mchana kutwa. Siku ya resi nikalizungusha mie mwenyewe kwenye paredi, pale farasi wanapooneshwa watu kabla ya resi. Taa zile kali, spika zinapiga kelele, watoto wanalia, farasi wageni wanalia vile vile. Mara nahisi mkono wangu umelowa, kutazama shingo yote maji, na nyuma baina ya mapaja povu jeupe kama la sabuni ya unga. Likaanza kuniegemea. Farasi kilo mia nne na kitu anakuegemea kama mtoto anayeogopa sindano! Tulipofika getini lilikuwa limeshakimbia resi yake yote pale pale kwenye paredi, geti likafunguka likabaki limesimama kidogo likiwatazama wenzake wanavyoondoka. Likaja la mwisho, mbali huko. Kwenye karatasi ya siku ile asubuhi lilikuwa la kwanza kwenye midomo ya watu wote.

Bwana Sekondi sitokaa naye sana. Huyu ndo anayependwa na watu wanaosoma matokeo bila kutazama video, mana matokeo yake mazuri, pili, tatu, pili, pili. Tatizo lake ni moja: yeye ushamjua mwisho wake na wenzake hujawajua. Wachanga wanabadilika wiki hadi wiki, leo kibogoyo kesho ana meno, yeye mara sita kakimbia mwendo ule ule. Na wengine wana tabia ambayo mie nimeiona kwa macho hata mazoezini, anakuja kwa kasi kutokea nyuma, akifika sambamba na mwenziwe akaona jicho la mwenziwe basi anatulia, anakwenda naye pamoja hadi mwisho kama mashoga wanatoka sokoni. Huyo si kwamba hana pumzi, anapenda kampani.

Ila Sekondi ana kazi moja kubwa watu hawaijui: yeye ni rula. Kwa vile kasi yake haibadiliki, mtumie kupimia wengine. Kama farasi fulani alimshinda Sekondi kwa urefu wa farasi wawili, na mwingine kwa siku nyengine alishindwa na Sekondi kwa shida tu huku kazibwa njia, ushapata kipimo bila hata kushika saa. Na kumchagua namchagua pia, nikimkuta kwenye resi ya farasi sita, wageni wawili wa treina wa skuli, na waliobaki wote kashawapiga, namuandika bila aibu.

Sasa Mwenye Udhuru, huyu ndo wangu.

Tarehe 4 Julai 1972 kule Aqueduct, New York, farasi mmoja mwekundu alikimbia resi yake ya kwanza, geti lilipofunguka akapigwa kikumbo, akaja wa nne. Karatasi inasema wa nne, basi. Siku 11 baadaye akarudi akashinda. Mwaka wa pili yake kachukua zote tatu, ile ya Belmont kwa urefu wa farasi 31. Secretariat huyo. Aliyesoma karatasi siku ile ya Julai aliona farasi aloshindwa, na alokuwa uwanjani aliona farasi aloangushiwa mlango usoni akainuka akawafukuza.

Farasi wengi wachanga ngazi kubwa kabisa wanayopanda ni ile baina ya resi ya kwanza na ya pili. Mara ya kwanza kila kitu kipya, geti, kelele, kundi, kugongwa ubavuni, na kubwa zaidi kwa kule Dubai, udongo. Meydan ilipofunguliwa mwaka 2010 walikuwa na ardhi ya kutengenezwa, wakaja wakaitoa wakaweka udongo mwaka 2014, na ule udongo unaruka. Mie nilikuwa nawaosha baada ya resi. Farasi aloongoza mbele unamwagia maji dakika tano kaisha, anang'aa. Alokaa nyuma unatoa udongo puani, masikioni, chini ya kope, unamkamua macho kwa sponji na bado kesho asubuhi unakuta chembe kwenye kona ya jicho. Sasa fikiria mtoto hajapata kuona kitu hicho, kachelewa getini nusu sekunde tu, kapangwa geti la ndani, mbele yake wako wanane wanamtupia. Anafanya nini? Anainua kichwa, na farasi akiinua kichwa mgongo unaingia ndani, hatua inakatika, resi imekwisha. Mara ya pili ama kazoea ama treina kamfundisha kutoka haraka. Huo ni udhuru halali.

Halali pia: kazibwa njia kwenye kona na alikuwa bado anakuja. Kakimbizwa mita 1000 wakati mama yake na ndugu zake wote ni watu wa 1600 kwenda juu. Kakimbia nyasi na leo ni udongo, au kinyume chake. Kapangwa geti la nje kabisa akakimbia kona nzima nje ya wenzake wanne, yaani kakimbia njia ndefu kuliko wote, fanya kama wee unakwenda Darajani kupitia barabara kubwa na mwenzio kakata vichochoroni. Na halali moja ambayo watu hawaihesabu kabisa, alishindwa na nani. Siku ile Frankel anashinda resi yake ya kwanza, wa pili kwa nusu urefu alikuwa Nathaniel, mgeni kama yeye. Mtu angesema huyu kashindwa na mgeni. Mwaka ulofuata Nathaniel akachukua King George, resi kubwa ya Uingereza, pale Ascot. Kwa hiyo kabla hujamcheka aloshindwa, angalia wale waloshinda mbele yake walirudi wakafanya nini, na hata wa nne na wa tano wa resi ile, kama nao walirudi wakashinda jua resi ile ilikuwa moto.

Si halali: "joki kasema hakuipenda ardhi." Majoki wana maneno mengi kuliko madalali. Si halali pia kuzibwa wakati alikuwa keshaanza kurudi nyuma, hapo si kazibwa, wenzake wanampita tu. Namna ya kujua ni video, na nenda nayo mara tatu. Mara ya kwanza tazama resi kama watu. Mara ya pili usitazame mwengine yeyote ila farasi wako, tangu getini, hata kama yuko nje ya picha nusu ya muda. Mara ya tatu usitazame resi, tazama baada ya mstari wa kumalizia. Hapo ndo pana siri. Wenzake wanapunguza, yeye anaendelea, masikio yamesimama, joki anavuta hatamu na farasi hataki, mita mia baadaye kashawapita walomshinda. Picha hiyo mara nyingi runinga wanaikata wakaenda kumuonesha mshindi anapigwa busu, kwa hiyo ukiipata hata sekunde tatu ishike.

Na udhuru una mpaka wake. Thunder Snow alishinda UAE Derby mwaka 2017, kapelekwa Kentucky, geti kufunguka tu akaanza kurusha miguu juu kama punda wa gari aliyezidishiwa mzigo wa mchanga, joki akamsimamisha, hakumaliza. Hapo utasema kichwa kibovu huyu, achana naye. Kumbe ni siku moja mbaya, karudi kashinda Dubai World Cup 2018, tena 2019, wa mwanzo kuipata mara mbili. Sawa. Lakini kwa kila Thunder Snow mmoja wako wengi ambao leo geti, kesho udongo, keshokutwa joki. Udhuru mmoja ni bahati mbaya. Wa tatu, huyo ni Sekondi mtarajiwa na hata sekondi hapati.

Haya, sasa uwashike wote watatu uwapitishe kwenye vipimo vile vile uone wanavyoachana.

Umri kwanza. Kaskazini mwa dunia thorobredi wote wanahesabiwa kuongeza mwaka tarehe 1 Januari, kusini katikati ya mwaka, Julai au Agosti kutegemea nchi, haijalishi kazaliwa lini. Kwa hiyo wa Januari na wa Mei wote "miaka miwili" lakini mmoja kamzidi mwenzake miezi minne, na umri huo miezi minne ni kimo na kifua. Na wale wa kusini wakija kukimbia na wa kaskazini kwenye UAE Derby wanakuwa wakubwa kama nusu mwaka, ndo mana wanabebeshwa uzito zaidi. Mgeni alozaliwa Mei namuogopa kidogo, namuachia mwezi. Mwenye Udhuru alozaliwa Mei ndo kabisa namtaka, mana kaharibikiwa akiwa mtoto na kila wiki anazidi kujaa. Northern Dancer alizaliwa tarehe 27 Mei 1961, na Kentucky Derby kaishinda tarehe 2 Mei 1964, yaani hata miaka mitatu ya kweli alikuwa hajatimiza. Kwa Sekondi tarehe ya kuzaliwa haina kazi sana, mara sita kashaonesha alichonacho.

Saa. Mtu anakwambia huyu kakimbia mita 1400 kwa dakika 1 na sekunde 25, na yule 1 na 26, kwa hiyo yule wa kwanza. Siku moja? Uwanja mmoja? Upepo mmoja? Saa ya farasi ilinganishe na resi nyengine za siku ile ile umbali ule ule, vyenginevyo ni sawa na kulinganisha safari ya boti ya Pemba siku ya kusi na siku bahari imelala. Kwa hesabu ya zamani urefu mmoja wa farasi ni kama sehemu ya tano ya sekunde, kwa hiyo sekunde nzima ni farasi watano, si kitu kidogo. Mgeni hana saa, ana ya mazoezi, na ya mazoezi ushaona ya Florida ilivyomgharimu mtu. Sekondi saa yake ndo ya kuaminika kuliko zote. Ya Mwenye Udhuru itupe, unachotaka ni mita 400 za mwisho tu, alipopata nafasi.

Blinka, ile kofia ina vikombe pembeni mwa macho ili asione nyuma. Hapa ndo napapenda, mana kitu kile kile kina maana tatu. Mgeni akija kavaa blinka siku ya kwanza mie najiuliza, huko nyumbani wameona nini? Akili ishaanza kutembea kabla hata ya resi? Mwenye Udhuru akivishwa mara ya pili, maana yake kuna mtu zizini kaitazama video ile ile ulotazama wewe, akaona anashangaa shangaa, akachukua hatua. Sekondi akivishwa mara ya saba ni dawa ya mwisho kabla ya mganga. Mara chache inafanya kazi, hasa kwa yule anayependa kampani, akikosa kuliona jicho la mwenziwe anapita. Kuhasiwa nako ni hivo hivo, dume alokuwa anafanya fujo akirudi kahasiwa anaweza akawa farasi mwengine kabisa, lakini mpe resi moja.

Paredi. Kwa Sekondi kaendeleze kahawa yako, hana jipya. Kwa Mgeni paredi ndo karatasi yake. Tazama anavyotembea, wayo wa nyuma ukikanyaga mbele ya alama ya wayo wa mbele, na tena bila haraka, huyo ana hatua. Tazama masaisi, mmoja anayemshika kwa kamba iliyolegea ni habari njema, wawili huku na huku mikono imekaza ni habari nyengine. Jasho shingoni siku ya joto si hoja, povu baina ya mapaja ndo hoja. Kwa Mwenye Udhuru unatafuta kitu kimoja tu, je, leo katulia kuliko siku ile? Babu yangu Pujini, kule Pemba, kwenye mchezo wa ng'ombe, alikuwa hamtazami fahali mchanga akishafunguliwa. Alikuwa anakwenda mapema, anamkuta kafungwa kivulini, anakaa naye kimya robo saa, halafu anarudi anasema huyu leo atacheza au huyu leo atakimbilia migombani. Sikupata kumuuliza anaona nini. Baadaye kwenye paredi nikawa nafanya vile vile bila kujua.

Joki ni wa haraka haraka: joki mkubwa wa zizi akiwa na farasi wawili humo akamuacha Mgeni mwenye ukoo akampanda Mwenye Udhuru, usijifanye unajua kuliko yeye.

Kwa hiyo mpango wangu uko hivi, na si sheria ya serikali. Mwenye Udhuru mbele, kama udhuru nimeuona kwa macho yangu na ni wa kwanza. Mgeni anampita ikiwa treina wake ni wale wanaoleta watoto walioiva na kwenye paredi katulia kama maji ya mtungi. Sekondi anawapita wote wawili ikiwa Mgeni ni wa skuli na udhuru wa yule ni wa kusimuliwa. Na ikiwa hamna hata mmoja anayeeleweka, usiandike. Maskani hairuhusu kutoandika, lakini wewe huko uliko una uhuru.

Sasa Jumamosi ile nilifanya nini? Nilimtaja Mgeni. Kwa sababu ya baba yake, wallahi, mie huyu huyu, kwa sababu baba yake niliwahi kumshika kamba asubuhi moja na nikaona fahari kulisema mbele za watu. Treina sikumtazama, paredi bando lilikuwa limekata. Aloshinda alikuwa wa mara ya pili, mwezi ulopita alikuja wa saba kapangwa geti la nje, Ami alikuwa kamuandika kwa sababu anapenda namba 4.

Lakini nimeirudia ile video, mara tatu kama nilivyosema, halafu ya nne. Yule wangu wa nane alitoka getini polepole, udongo wote ukamuingia, kwenye kona kuna mmoja akamkatia mbele na joki akasimama kwenye vikanyagio, na baada ya mstari, sekunde mbili tu kabla hawajakata picha, masikio yamesimama na anawapita. Au mie ndo nataka kuona anawapita, sijui, nimekaa mtaroni wiki nzima. Karatasi ya Jumamosi hii imeshatoka na yumo, mita 1600 badala ya 1400, kavishwa blinka. Jana nimeshaandika namba yake ubaoni. Leo asubuhi nimepita nikakuta Ami kaizungushia duara kwa chaki, pembeni kaandika: udhuru wa nani, wa farasi au wa saisi?